Madoa yamepotea ila samaki bado mgonjwa: kusoma dalili za vimelea kwenye tangi la maji chumvi na kutibu kwenye karantini

Jumatatu kangaja wako ana chembe tano nyeupe kwenye pezi, jumatano zimefika thelathini, ijumaa unawasha taa hana hata moja, ngozi inang'aa, anakula kama kawaida, unashusha pumzi unasema afadhali, amejiponya mwenyewe. Hajajiponya. Huo mtego umetunasa wengi, mimi mmojawapo, na ndo naanza nao kwa sababu ukiuelewa huu mambo mengine yote ya karantini, yani tangi la pembeni la kumtenga na kumtibu samaki, yanakaa sawa.

Zile chembe ni Cryptocaryon irritans, wengi tunaita iki ya baharini, kidudu cha seli moja tu. Kinakaa kwenye ngozi ya samaki siku 3 mpaka 7 kinakula, kikishiba kinajiachia chenyewe, mara nyingi usiku taa zikiwa zimezimwa, kinatambaa chini masaa machache alafu kinajijengea ganda kwenye jiwe au mchanga au kioo, humo ndani kinajigawa mpaka wanakuwa mia mbili na zaidi, kisha wanatoka kutafuta samaki na wana siku moja au mbili tu za kumpata la sivyo wanakufa. Kwa hiyo ile ijumaa yako ya furaha ni abiria wameshuka stendi, basi liko tupu kweli, ila wameenda kuita ukoo mzima warudi nao. Baada ya wiki moja au mbili wanarudi, safari hii samaki kama kamwagiwa chumvi mwili mzima na matamvua yameshaharibika.

Na dawa haipenyi lile ganda. Iki ikiwa kwenye ngozi nayo imejizika chini ya ute, haifikiki. Inapatikana pale tu inapoogelea. Kwa hiyo tiba zote za iki tunahesabu siku, habari ya kuhesabu madoa achana nayo.

Mtu atauliza si nimwage tu dawa kwenye tangi kubwa yaishe? Shaba, ambayo ndo dawa yenyewe, inaua matumbawe, konokono na kamba, mawe na mchanga yanainywa kipimo kinashuka hujui kimefika wapi, alafu miezi baadae bado tangi halifai kuweka matumbawe. Samaki ndo anahama, dawa inakaa kwenye tangi la pembeni. Zile chupa zilizoandikwa eti salama kwa matumbawe na zinaua iki, pamoja na kitunguu saumu na kamba wale wasafishaji, sijaona kimoja kati yao kikimaliza iki kwenye tangi, vinapunguza makelele tu.

Wote wanahema kwa pamoja, hakuna doa

Hapa usikimbilie dawa. Kama samaki wote wameanza kuhema haraka ndani ya saa lile lile, pamoja na wale waliokuwa wazima jana, shida ni maji. Pima amonia, angalia pampu ya hewa kama inafanya kazi, hita kama haijagoma ikawa inachemsha, chumvi kama haijapanda sababu maji yamepungua. Ugonjwa kwa kawaida unaanza na mmoja au wawili alafu unasambaa kwa siku. Nimeshaona mtu anaanza shaba kwenye tangi ambalo shida ilikuwa chaja ya pampu imeungua, samaki walikosa hewa alafu wakaongezewa sumu juu.

Anahema sana, amesimama mbele ya pampu, anakwepa mwanga

Hii ni ya kutetemesha. Samaki anakaa pale maji yanapotoka kwa nguvu kana kwamba anakunywa mkondo, hataki kula, anajificha taa ikiwaka, na ukimtazama kwa haraka huoni kitu mwilini. Zima taa za chumba, chukua tochi, mulika kwa ubavu, sio mbele, mwanga upite sambamba na ngozi yake. Ukiona kama vumbi laini la unga, la kijivu au la dhahabu dhahabu, hiyo ni velveti, Amyloodinium ocellatum. Inaanzia kwenye matamvua ndo maana kuhema kunatangulia vumbi, na samaki wengine wanakufa kabla vumbi halijaonekana kabisa.

Tofauti yake na iki ni mwendo. Iki inakupa wiki, velveti inaweza kumaliza tangi zima kwa siku mbili tatu. Kwa hiyo kama unabishana na nafsi yako ni iki au ni velveti, na samaki anahema hivo, tibu kama velveti leo leo, kesho utakuwa unabishana na maiti.

Cha kufanya: mpe kwanza dipu ya maji yasiyo na chumvi dakika 5 (namna yake iko chini kwenye minyoo), inampunguzia mzigo kwenye matamvua, haimtibu. Kisha anaingia karantini yenye shaba. Shaba ya kawaida, ile ya ayoni, kipimo ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ile iliyofungwa na kemikali nyingine kipimo chake kiko juu zaidi, kati ya 1.5 na 2.5 kutegemea chupa, soma lebo, na usichanganye namba za hii na ile maana 2.0 ya shaba ya ayoni ni mauaji. Siku 30 mfululizo. Kwa iki unaweza kupandisha taratibu kwa siku mbili tatu samaki azoee, kwa velveti huna huo muda, ndani ya siku moja uwe umefika. Klorokwini fosfeti nayo inafanya kazi, miligramu 10 hadi 15 kwa lita, ila mwanga unaiharibu na kifaa cha kuipimia nyumbani hakuna, kwa hiyo anayeanza namshauri shaba.

Kushusha chumvi hakusaidii kabisa velveti. Inaishi kwenye maji yenye chumvi kidogo bila wasiwasi.

Ute unachubuka kama utando

Nilileta samaki wawili aina ya klauni, siku ya pili mmoja amepauka ubavuni, nikaona weupe nikasema iki hiyo, nikaweka shaba. Nilijiona mjanja maana nilikuwa nimewahi. Usiku nikaenda kumwangalia na tochi, ule weupe haukuwa chembe, ulikuwa ute, umejikunja pembeni ya tumbo unaning'inia kama utando wa maziwa yaliyochemka yakapoa, akigeuka unapeperuka nyuma yake. Alfajiri alikuwa chini. Ndo nikajifunza kidudu kingine cha seli moja, Brooklynella hostilis, na kwamba shaba haiigusi hata kidogo, nilimpotezea masaa ambayo hakuwa nayo.

Brooklynella inapenda klauni sana ingawa inashika wengine pia. Inajigawa hapo hapo kwenye ngozi bila kushuka chini kujenga ganda, ndo maana inakimbia hivo. Dalili ni ute mwingi, rangi kupauka kwa mabaka, kuhema, kulala upande. Tiba ya kueleweka ni bafu ya fomalini kwenye ndoo ya pembeni, dakika 30 hadi 60 kwa kipimo cha kwenye lebo, hewa ikipigwa kwa nguvu muda wote maana fomalini inakula oksijeni, alafu samaki anaingia tangi safi, sio lile alilotoka. Fomalini sio ya kuchezea, ni sumu kwa binadamu na inahusishwa na kansa, vaa glavu, fungua madirisha, watoto wasiwepo. Na ukiona chupa yako ina ukungu au unga mweupe chini itupe, hiyo imebadilika kwa sababu ya baridi na inaua samaki papo hapo. Ukikosa fomalini metronidazoli kwenye maji ya karantini ni msaada wa pili, yule klauni wangu aliyebaki alipona kwa fomalini na metronidazoli vyote viwili, kwa hiyo siwezi kukuambia kipi kilimwokoa.

Kidonda chekundu ubavuni

Kama samaki ni kromi wa kijani au anthia, ana alama nyekundu kama kachomwa na sigara, inapanuka siku hadi siku, fikiria Uronema, nayo ni kidudu cha seli moja. Hii ina tabia mbaya, haihitaji samaki ili iishi, inakula bakteria kwenye uchafu wa tangi, kwa hiyo hata ukiacha tangi bila samaki mwaka mzima utaikuta. Bafu ya fomalini, metronidazoli ndani ya chakula kama bado anakula. Kidonda kikishaingia ndani ya nyama nafasi ni ndogo, siwezi kukudanganya. Kromi wa kijani mpya mimi siwaingizi tangi kubwa kabla sijawatazama wiki kadhaa.

Anajisugua, anatikisa kichwa, macho yana ukungu

Hapa watu wanasema iki tena, kila kitu iki. Kama hana chembe, anajikwangua kwenye jiwe ghafla, anatingisha kichwa kama mtu aliyeingiwa na mbu sikioni, anapiga miayo, na macho YOTE mawili yana ukungu, nashuku minyoo bapa. Jicho moja tu likiwa na ukungu mara nyingi kajigonga mahali, mwache na maji safi.

Uzuri wa minyoo bapa ni kwamba unaweza kuiona kwa macho yako, kwa hiyo huhitaji kubahatisha. Andaa ndoo nyeusi. Weka maji baridi, nasema maji baridi yani yasiyo na chumvi, sio ya friji, yawe yameondolewa klorini au ni ya RO, yani yaliyochujwa kwa mashine. Joto liwe sawa sawa na la tangi, pH ipandishwe na bikaboneti ya soda mpaka ifanane na ya tangi, piga hewa nusu saa kabla. Mwingize samaki. Sekunde za mwanzo anaweza kulala upande ukadhani amekufa, wengine wanarukaruka, usitoke hapo, simama naye. Akiacha kuhema kabisa au akazidiwa mtoe mara moja. Kwenye dakika ya tatu nne hivi angalia ngozi: minyoo ambayo ilikuwa haionekani kama kioo inageuka nyeupe, inajikunja, inaachia. Dakika ya 5 mtoe samaki, alafu inama utazame chini ya ndoo. Ufuta. Chembe nyeupe bapa kama ufuta umemwagika kwenye ule weusi, na mara ya kwanza niliziona kumi na saba kutoka kwa kitatange mmoja ambaye nilikuwa nasema ana stresi ya safari tu.

Dipu ni ya kupima na kupunguza, haimalizi, mayai yanabaki kwenye tangi. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, alafu unarudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu haiui mayai, ile dozi ya pili ndo inakamata waliototolewa. Watu wanaruka dozi ya pili kwa sababu samaki ameacha kujisugua. Ni ule ule mtego wa ijumaa. Ongeza hewa pia, maji yenye prazikwanteli huwa yanaingia ukungu wa bakteria na oksijeni inashuka.

Kangaja wa njano akiwa na vidoto vyeusi kama pilipili manga, hivyo ni minyoo bapa wa aina nyingine, dipu na prazikwanteli zinamtosha.

Anakula vizuri ila anakonda

Kinyesi cheupe kirefu kama uzi, tumbo limeingia ndani, mgongo unaanza kuwa na makali. Vimelea vya tumboni. Dawa ya kwenye maji haisaidii sana, lazima imezwe, kwa hiyo changanya prazikwanteli au metronidazoli na chakula. Kinyesi cheupe mara moja kwa samaki ambaye hajala siku mbili sio ugonjwa, tumbo liko tupu tu.

Ambavyo sio vimelea

Uvimbe mweupe kama ua la koliflawa kwenye ncha ya pezi, haukui haraka, samaki ana raha zake: hiyo ni limfosisti, ni virusi, hakuna dawa, huwa inaondoka yenyewe. Viputo vya hewa vilivyoganda kwenye ngozi baada ya kubadilisha maji, subiri lisaa. Chembe za mchanga kwa samaki anayelala mchangani. Mashimo kichwani na kwenye mstari wa ubavu, hiyo ni habari nyingine ya lishe na mazingira.

Karantini yenyewe, na inavyoharibika

Tangi la kioo la lita 60 hadi 100 linatosha samaki wadogo. Hakuna mchanga, hakuna mawe. Elbo za PVC za kujifichia, hita, pampu ya hewa, filta ya sponji. Liwe mbali na tangi kubwa, mimi naacha mita 3 maana matone yanayorushwa na viputo yanasafiri na velveti inasafiri nayo. Nyavu, ndoo na mpira wa maji viwe vya kwake peke yake.

Sponji watu wanashauri uitoe tangi kubwa ikiwa na bakteria tayari. Sawa kama unatibu samaki wa tangi hilo hilo. Ila kama unasubiri samaki mpya na tangi kubwa halijawahi kuthibitika safi, utakuwa unampa mgeni ugonjwa wa mwenyeji.

Pima ujazo wa kweli. Tangi langu linaitwa la lita 60, nikalijaza kwa ndoo yenye mstari nikapata lita 52, na prazikwanteli ya lita 52 ni miligramu 130, sio 150. Weka alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yanapoishia.

Amonia imepanda? Itapanda tu, tangi ni jipya. Badilisha maji, na maji mapya yaingie yakiwa na dawa kwa kipimo kile kile. Zile dawa za kufunga amonia usizitumie pamoja na shaba, zinaigeuza shaba kuwa sumu kali zaidi kwa samaki.

Shaba inasoma sifuri wakati umeweka? Mara nyingi kipimo chako sio cha aina ya shaba uliyonunua. Inashuka kila siku? Umeacha jiwe humo, au kuna mkaa kwenye filta. Inapanda? Maji yanakauka, shaba haikauki, ongeza maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye ule mstari. Ikishuka chini ya kiwango hata siku moja, zile siku 30 zinaanza upya, inauma lakini ndo hivo.

Hali chakula kwenye shaba? Kama ni iki simamisha kupandisha siku moja mbili mpaka ale, kisha endelea. Bunju, mkunga, taa (yule samaki bapa) na papa usiwaweke shaba kabisa. Kwa iki unaweza kuwashushia chumvi badala yake, uzito wa maji usome 1.009 kwa refraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) uliyoihakiki, siku 30, ila taa na papa hata hiyo hawaivumilii.

Madoa kutokea siku ya 3 ya shaba usishtuke, hao walikuwa wameshaingia ngozini. Madoa mapya siku ya 15, kagua kipimo.

Kama ni iki tu na una uhakika, na hutaki dawa, hamisha. Tangi A kwenda B kabla ya masaa 72 kuisha, B kwenda C, mara nne kwa siku 12, kila tangi linaloachwa linaoshwa na kukaushwa kabisa. Wanaojiachia wanabaki nyuma kwenye maganda yao, kabla hawajatoka samaki ameshahama. Ni kazi, mgongo utauma, ila inafanya kazi vizuri kwa wale wasioweza shaba.

Tangi kubwa linasubiri

Wakati samaki wako karantini tangi kubwa linakaa bila samaki hata mmoja. Siku 76 kwa iki ndo kipimo cha wenye tahadhari, maana kuna maganda yanayochelewa sana kupasuka, velveti wiki 6 zinatosha. Mmoja akibaki, hata yule goby mdogo aliyekushinda kumkamata nyuma ya mawe, hesabu ni bure kwa sababu iki ina pa kulala. Toa mawe umkamate.

Matumbawe na konokono wanabaki, hawashikwi na iki. Lakini konokono mpya anaweza kuja na ganda la iki limejibandika kwenye ganda lake, na kipande cha tumbawe vivyo hivyo kwenye kitako chake. Ukiingiza kimoja siku ya 60, andika tarehe ya leo ukutani uanze kuhesabu kutoka hapo.